Kuchinja Motokaa: Habari za Vipuri Vikuukuu katika Bukoba na Muleba

Wanahistoria wa nchi yetu wameandika habari nyingi za vitu vilivyoingia: reli, meli, baiskeli, motokaa na mashine za kukobolea kahawa. Wamehesabu vilivyoshushwa bandarini, na wameeleza nani alivinunua na kwa fedha ipi. Habari za jinsi vitu hivyo vilivyokwisha hazikuandikwa kwa bidii ileile. Motokaa huonekana katika maandishi siku inapofika. Siku inapofunguliwa nati moja moja na kuuzwa kwa watu ishirini hakuna karani aliyesimama na kalamu. Katika makala haya nitajaribu kujaza sehemu ndogo ya upungufu huo kwa kutazama wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Bukoba na Muleba, na kwa kufuata maisha ya mwisho ya motokaa moja ya fahari ambayo mimi mwenyewe nilikuwa karani wa kuuzwa kwake.

Mafundi wa huko hawasemi kwamba gari limevunjwa au limebomolewa. Husema limechinjwa. Neno hili si la Kagera peke yake, kwani Mwanza na Dar es Salaam hutumika vilevile. Lakini kwa watu waliozoea ng'ombe na ugawaji wa nyama lina uzito wa namna yake. Ng'ombe akichinjwa hasemwi kuwa amepotea. Kila kiungo kina jina, kina thamani yake na kina mtu anayekingojea. Kadhalika gari lililochinjwa lina watu wanaolingojea: huyu ataka stata, yule ataka rejeta, na wa tatu amekuja kutazama tu, lakini mfukoni ana fedha. Msomaji atanisamehe kwa kukawia katika neno moja. Kazi yangu ni lugha, na mwalimu wa lugha akipita gerejini husikia maneno kabla ya kuona magari.

Chuma katika Buhaya ni kikongwe kuliko motokaa kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Huko Katuruka, karibu na Maruku, si mbali na mji wa Bukoba, mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Peter Schmidt alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1960, akiongozwa na mapokeo ya wazee. Mapokeo hayo husema kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma upate kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Mahali palipotajwa na wazee, karibu na mti mtakatifu uitwao Kaiija, ndipo palipoonekana ardhini mabaki ya kazi ya chuma ya zamani sana. Baadaye wazee waliokuwa wakiijua kazi hiyo tangu ujana walijenga tanuri upya mbele ya wataalamu, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza ulimwenguni jinsi mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri ilivyoupasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Huu ni utukufu, na umesifiwa vya kutosha. Jambo linalonihusu mimi hapa ni dogo zaidi. Majembe ya viwandani na vyuma vya kigeni vilipozidi kuwa rahisi, myeyushaji wa chuma aliacha kazi, lakini mfuaji hakuacha. Alibaki na nyundo, mivukuto na ustadi wake, ila mawe ya chuma hakuyahitaji tena. Tangu hapo mhunzi wa Buhaya amekuwa mteja wa vitu vilivyokufa: jembe lililochakaa, pipa lililotoboka, na baadaye springi ya lori.

Jambo la pili ni umbali. Kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na tangu Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani hapo mwaka 1890 mji huu umetazama ziwani kuliko pwani. Mizigo yake ilikwenda na kurudi kwa meli, Mwanza upande mmoja na Kisumu upande wa pili. Meli ya William Mackinnon, iliyokuwa ya reli ya Uganda, iliundwa Uingereza, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa tena na kuingizwa majini mwaka 1900. Basi chombo hicho cha moshi kilianza maisha yake ya ziwani katika hali ileile ambayo magari yetu huishia.

Mwaka 1950 wakulima wa kahawa wa Bukoba waliunda chama chao kikuu cha ushirika, na katika miaka iliyofuata bei ya kahawa ilikuwa ya kupendeza. Fedha ya kahawa iligeuka mabati, ada za shule, baiskeli, na kwa wachache motokaa na malori. Zama hizo kipuri kipya kiliweza kuagizwa Kampala au Nairobi, na mwenye gari hakuwa na sababu kubwa ya kununua kiungo cha gari la jirani.

Sababu zilikuja kwa mfululizo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa tangu Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Nairobi ikawa mbali kuliko Tokyo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, na mashine, magari na mifugo vikachukuliwa kupelekwa Uganda. Serikali ilipojibu, iliyatwaa mabasi na malori ya raia kubeba askari na chakula, na mengi kati ya hayo hayakurudi, au yalirudi yakiwa hayafai kitu. Kampala ilianguka Aprili 1979. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera, lakini jina jipya halikuleta beringi wala plagi. Mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zikatoweka, na serikali ikakataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili alasiri.

Wazee wetu walioendesha magari katika miaka hiyo husema kwamba gari bovu lilikuwa akiba bora kuliko fedha. Fedha ilipungua thamani ikiwa imelala sandukuni. Kabureta iliyofungwa katika gunia la katani haikupungua kitu. Hapo ndipo kuchinja kulipokuwa kazi yenye heshima yake. Mtu alijua katika kijiji gani lilikufa gari la namna gani, kama vile mfugaji ajuavyo ng'ombe gani amezaa wapi. Halafu mwezi Machi 1983 ilikuja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwenye vipuri vingi katika ghala akawa na la kujieleza. Wako waliovifukia migombani. Sisi watoto wa miaka ile tulikuwa tukipalilia kibanja na jembe likagonga kitu kigumu, na mzee akasema, pasipo kugeuka, "Acha hapo, palilia kando." Kuanzia katikati ya 1984 serikali ilifungua mlango, na aliyekuwa na fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa pasipo kuulizwa sana. Kwa mlango huo, baada ya muda, yakaingia magari yaliyokwisha kutumika Japani.

Sasa nije kwenye motokaa ya fahari. Watu wa Afrika Mashariki hawakujifunza magari ya mashindano katika picha za Ulaya. Walijifunza kwa Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla ya kubaki Kenya peke yake. Mashindano hayo tangu zamani yalikuwa na undugu na vitu vikuukuu: Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliposhinda mwaka 1965, Volvo yao ilikuwa imekwisha kushindana mwaka uliotangulia ikiwa mikononi mwa wengine. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973. Kisha ikaja Toyota Celica, ikachukua ushindi 1984, 1985 na 1986, tena 1990, tena kila mwaka tangu 1992 hadi 1995. Kijana aliyekulia Muleba akisikiliza matokeo hayo redioni alilipokea jina la Celica kama babu zake walivyolipokea jina la mfalme.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa kijana wa namna hiyo. Alifanya biashara ya sangara kwenye mialo ya ziwa, akafanikiwa kiasi, na mwaka 2004 akanunua Celica iliyotumika, ya umbo lile lililotoka Japani mwishoni mwa 1993, lenye taa nne za mviringo usoni. Watoto wa kijiji waliiita Chura. Haikuwa na kasi ya zile za mashindano, kwani injini yake ilikuwa ya kawaida, lakini nani angeuliza? Ilikuwa chini sana. Kila mvua iliponyesha tumbo lake lilikwaruza njia ya kwetu, na kaka akawa anaiacha kwa watu barabara kuu na kupanda kilima kwa miguu, funguo zikining'inia kidoleni ili kila mtu azione.

Aliaga dunia mwaka 2009, akaacha mjane na watoto watatu. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa. Mrithi mkuu, ambaye Wahaya humwita omusika, alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, hivyo wakubwa ndio waliosema. Mfanyabiashara mmoja kutoka Mwanza alikuwa tayari kuichukua Celica kama ilivyo, springi zimelegea na bampa limepasuka, kwa shilingi 1,200,000. Fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu, mtu wa Bukoba, akashauri ichinjwe. Baba mdogo alikasirika.

"Gari la marehemu haliuzwi kama nyama buchani," alisema.

Shemeji yangu alijibu kwa upole, macho yakiwa chini. "Baba, marehemu tumekwisha kumzika. Watoto wanasoma."

Shauri likakatwa kwamba ichinjwe hapohapo nyumbani, chini ya mwembe, na mimi niliyekuwa likizoni nikapewa daftari. Ninalo hadi leo.

Kwanza iliondoka injini. Ilikuwa ya aina ambayo mafundi huiita 3S, na injini hiyo imo pia katika Carina, Corona, Caldina na RAV4 nyingi, yaani magari ambayo wakati huo yalikuwa yamejaa katika kazi ya teksi. Mwenye teksi mmoja wa Bukoba aliinunua kwa 700,000, akaja na Hiace na vijana wanne, wakaibeba kwa mti begani kama mgonjwa apelekwavyo hospitali. Zikafuata shafti na stelingi kwa 220,000, rimu na matairi yake kwa 320,000, alteneta kwa 80,000, betri kwa 40,000 na redio kwa 50,000. Viti vya mbele vilinunuliwa na kinyozi wa Muleba mjini kwa 100,000, na wateja wake walivikalia wakingoja zamu, migongo imelala na magoti yako juu, kama madereva wa mashindano.

Baada ya wiki chache niliona katika daftari jambo ambalo sikulitazamia. Kila ilichoshirikiana Celica na magari ya kawaida kilikwenda upesi na kwa bei njema. Kila kilichoifanya iwe Celica kilibaki. Milango miwili mirefu, hakuna gari jingine la wilaya mbili lililoweza kuivaa. Kioo cha nyuma kilicholala, hakuna. Taa nne za mviringo, ambazo kaka alizipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chake cha mfukoni, watu walizishika, wakazigeuza, wakazirudisha chini.

Gia boksi ilikuwa ya otomatiki, nayo ilikuwa na ugonjwa: ikipata moto ilisita kabla ya kuingia gia ya tatu. Fundi aliijua, mimi niliijua, na shemeji aliijua kwa sababu alikuwa amepanda gari hilo miaka mitano. Dereva mmoja alikuja kutoka Bukoba, mwendo wa kilomita 70 hivi, akakubali 450,000. Fundi akamnong'oneza mjane, "Shemeji, ukimwambia hatanunua." Alimwambia. Yule dereva alitafakari, akashusha bei hadi 300,000, akaichukua pamoja na stata kwa 60,000. Sitaficha kwamba nilichukia. Shilingi 150,000 ilikuwa fedha, na katika biashara hii husemwa waziwazi kwamba mali ikitoka getini hairudi.

Siku ya nne alirudi. Gia boksi haikuwa na neno jipya. Ni ile stata, tuliyoijaribu mbele yake na ikazunguka vizuri, iliyokufa. Nilijitayarisha kwa ugomvi. Yeye akaiweka chini, akamwamkia shemeji, akasema, "Mama, la gia boksi uliniambia sijakuuliza. Najua hili la stata hukulijua." Hakudai fedha. Alitaka abadilishiwe kwa rejeta ya 70,000, akaongeza shilingi 10,000 juu. Katika biashara hiyo hakuna risiti, hakuna hakimu na hakuna kiwanda cha kushtakiwa. Iko kumbukumbu ya watu tu, na barabara ya Bukoba na Muleba si ndefu kiasi cha kumpoteza muuzaji. Naamini hiyo ndiyo sababu biashara ya vipuri vikuukuu ilidumu katika miaka ambayo maduka yenye leseni yalifungwa. Na msomaji anayeona nimeipamba aende akasimame asubuhi moja katika gereji yoyote ya Kashai asikilize jinsi majina ya wauzaji yanavyotajwa.

Lakini watu wema peke yao hawafanyi historia. Mwezi wa sita wa mauzo hayo alikuja mtu mwenye shati safi, asiyekuwa fundi wala dereva. Hakutazama kipuri hata kimoja. Aliuliza kadi ya gari, vibao vya namba, na kile kipande cha bati chenye namba ya chasisi iliyogongwa. Akataja 800,000 taslimu. Ilikuwa zaidi ya bei ya injini. Alipokwenda kando kupiga simu, fundi alitueleza. Gari la aina ile na rangi ile lililoingia nchini pasipo kulipiwa ushuru, au lililoibwa, hupewa namba ya marehemu na kuendelea kuishi kwa jina lake. Kumbe kipande ghali kuliko vyote ni karatasi.

Baba mdogo, aliyekuwa amekataa gari lisiuzwe kama nyama, alisema tuchukue fedha hizo, maana hazina mzigo wa kubeba. Mimi, mtu wa chuo kikuu, nilinyamaza. Nilikuwa nikihesabu ada. Shemeji aliingia ndani, akatoka na kadi mkononi, akamwonyesha baba mdogo mstari wenye jina la mwenye gari. "Baba, hili ni jina la baba wa watoto wangu. Gari hilo likiua mtu Mwanza au likikamatwa Mutukula, polisi watakuja kumtafuta nani?" Hapakuwa na jibu. Yule mwenye shati safi alipewa chai, akaenda zake. Wiki iliyofuata nilikwenda Bukoba kurudisha kadi na vibao kwa Mamlaka ya Mapato, gari likafutwa katika daftari la magari.

Kwa miezi kumi na minne, pamoja na vitu vidogo vya 160,000, daftari langu lilionyesha shilingi 2,040,000. Fundi alilipwa 300,000. Ukitoa hiyo, tuliizidi bei ya mtu wa Mwanza kwa 540,000, na mtu wa shati safi peke yake angetupa zaidi ya tofauti hiyo kwa alasiri moja. Kwa hesabu, basi, faida haikuwa kubwa. Lakini iko hesabu nyingine ambayo nilichelewa kuiona. Shilingi 1,200,000 ingefika siku moja mbele ya ukoo mzima, na kila mmoja wetu alikuwa na shida yake ya kueleza. Vipuri vilikuja kidogo kidogo. Alteneta ilikwenda shule mwezi Januari, rejeta mwezi Julai, na hakuna mjomba aliyeitisha kikao kwa ajili ya betri. Mali iliyokatwa vipande ilikuwa ngumu kuliwa na wengi. Nadhani wajane wengi wa Kagera wanalijua hili pasipo kufundishwa, na mwanahistoria wa mirathi angefanya vema kuwauliza.

Springi nne zilichukuliwa na mhunzi wa upande wa Kamachumu. Alinung'unika kidogo, kwa sababu mhunzi hupenda springi bapa za lori, ambazo ni nusu jembe tayari, na hizi za motokaa ndogo zimejizungusha kama nyoka. Hata hivyo alizitia motoni, akazinyosha, akafua visu na tindo. Tindo moja fundi aliinunua.

Mwaka 2011 wanunuzi wa chuma chakavu walipoanza kupita kwetu na mizani, fundi alikuja kulikata bodi lililobaki chini ya mwembe, ambamo kuku walikuwa wakitaga. Alianzia paa, akatumia tindo ile. Kazi ilimchukua siku mbili, na vipande vikaondoka kwa kilo. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari upo mstari mmoja ambao sijaufuta: taa za mbele, nne, hazijauzwa.